Furaha Aliyopewa Hunter

Nikutegee kitendawili, mjukuu wangu: ana mabawa lakini hana manyoya, na hatoki ardhini mpaka ale furaha ya mtu. Umeshindwa? Basi ni Hunter, ile ndege ya kivita ya Waingereza iliyohifadhiwa Nanyuki.

Siku hizo ndege kuukuu haikuruka mpaka mtunzaji wake aipe kumbukumbu moja ya furaha, na akishaitoa haimrudii tena. Mwirigi, aliyeing'arisha Hunter miaka thelathini, katika maonyesho ya mwaka mmoja aliipa kumbukumbu ya mbuzi wake wa kwanza. Ikapita juu ya paa la banda kwa kujikokota, watu wakamcheka.

Mwaka uliofuata ilipanda hadi ikawa kama punje ya mtama, ikapinduka, ikashuka ikinguruma mpaka vikombe vya chai vikatikisika. Kajuju, mkewe, akapiga vigelegele, kisha akamgeukia mumewe. Mbuzi hawezi kuirusha vile.

"Baba Kathure, leo umeipa nini?"

Mwirigi akatazama nyuma kuona ni nani anayeitwa.

"Ni wewe ninayekuuliza."

Kathure, binti yao wa pekee, akamshika baba yake mkono, wakaenda hadi nyumbani. Mlangoni Mwirigi akapapasa mfukoni, akatoa karatasi aliyoiandika mwenyewe asubuhi ile.

"Kumbe niliandika," akamwambia mkewe, akasoma polepole. "'Kathure, tangu siku aliyozaliwa.'"

Akamgeukia yule aliyemshika mkono.

"Samahani, dada. Wewe unamjua?"