Ukuta Nyuma ya Mlango

Meneja Kibindu alifunga mlango wa ofisi, akatoa kwenye faili barua ambayo Mwanahawa aliitia sahihi siku aliyoajiriwa kiwandani: "Naacha kazi kwa hiari yangu." Wanawake wote walitakiwa kuisaini kabla ya kupewa aproni. Wanaume hawakuulizwa. Nafasi ya tarehe iliachwa wazi, ikingoja tumbo.

Sasa tumbo lilikuwa la miezi mitano. Meneja akachukua kalamu, akajaza tarehe ya leo kwa mwandiko wake mzuri.

"Hakuna aliyekufukuza, dada. Umeacha mwenyewe. Ukitoka uache mlango wazi, joto limezidi."

Mwanahawa aligeuka. Miaka sita yote mlango huu alikuwa akiukuta wazi, umeegemezwa ukutani na kuzuiwa kwa tofali. Kumbe ukutani hapo, nyuma ya mlango, palibandikwa tangazo la serikali, jeupe kama la jana: Haki za Mfanyakazi Mjamzito.

"Unangoja nini?" meneja aliuliza.

Mwanahawa alilisukuma lile tofali kwa mguu hadi likauzuia mlango usifunguke, akaanza kusoma kwa sauti, tangu mstari wa kwanza.