Kitufe Namba Moja

"Nimekutilia betri mpya, shemeji," alisema fundi, rafiki wa marehemu mumewe, huku akijifuta mikono. "Ile ya zamani ilikuwa karibu kukata roho. Sasa hili lizee litawaka bila kukohoa."

Gari lilikuwa la kifahari enzi zake. Sasa lilikuwa na kilomita laki nne na ushee, na ngozi ya viti imepasuka kama visigino.

Mjane hakujua kuendesha. Kila asubuhi aliingia upande wa dereva, akabonyeza kitufe namba moja mlangoni, kilichohifadhi mkao wa mumewe, na kiti kikarudi nyuma taratibu, kikinguruma, mpaka pale marehemu alipozoea kukaa. Hapo alikaa kitambo, miguu yake mifupi ikiwa mbali na pedali. Kabla ya kushuka alikisogeza mbele, ili kesho yake kirudi tena.

Leo alibonyeza. Kiti hakikutikisika. Akabonyeza tena.

Fundi akashika kichwa. "Betri ikitolewa, kiti kinasahau. Nisamehe, shemeji, sikujua. Lakini tutakirudisha. Wewe niambie tu alikuwa anakaa wapi."

Akainama, akasukuma swichi ya pembeni. Kiti kikasogea na mjane juu yake.

"Hapa?"

"Nyuma kidogo."

"Hapa?"

"Nyuma. Hapana, umepitiliza."

"Basi hapa?"

Mjane alifumba macho, akanyoosha miguu. Haikugusa kitu. Ilikuwa haigusi kitu pale pa mumewe, ikawa haigusi kitu hata sasa, wala haikumwambia tofauti. Jana tu alikuwa amekaa mahali penyewe.

"Hapa, shemeji?" fundi akauliza tena, polepole.