Stesheni ya Mezani

Mwakio alikuwa amelala chali chini ya meza, akiunganisha waya za reli yake ndogo, mkaguzi alipobisha. Akajua siku imeharibika.

Sheria ilikuwa moja: mfano wowote wa mji, hata wa kuchezea, ulingane na ramani ya serikali ya siku hiyo. Kilichobomolewa mjini, kibomolewe na mezani.

"Shikamoo mzee," mkaguzi, binti mdogo, alisema, akimulika meza kwa simu. "Kanisa hili liondoke. Na nyumba za wafanyakazi wa reli."

"Nilifunga ndoa kwenye kanisa hilo!" Mwakio alifoka. "Mmelivunja kule, sasa mmenifuata mpaka sebuleni?"

"Toa tu, Baba Mghoi," mkewe Wakesho alimsihi kutoka jikoni. "Usijitafutie balaa."

Mwakio aliving'oa mwenyewe, kwa nguvu, gundi ikibanduka pamoja na nyasi alizotengeneza kwa vumbi la mbao na rangi ya kijani. Waya zilibaki zimechomoza mezani. Kitreni kiliendelea kuzunguka, kikisimama penye stesheni isiyo na mtu wa kumpakia.

"Haya, umeridhika? Toka kwangu!"

Binti hakutoka. Aligusa kijumba cha mwisho, chenye paa jekundu na taa dirishani. "Na hiki, mzee."

Mwakio akacheka kwa hasira. "Hicho ni nyumba hii hii! Huoni umesimama ndani yake?"

Binti aliitazama simu yake tena, kisha akainamisha macho.

"Kwenye ramani ya leo haimo."

Jikoni, mwiko wa Wakesho uliacha kugonga sufuria.