Linki za Majirani

Adabu ndiyo iliyomponza Tunu. Katika mji wao kila mtu ana ukurasa wake, na kadiri wengine wanavyouwekea linki ndivyo mtambo wa kutafuta unavyompandisha. Aliye chini kabisa, milango haimfungukii. Majirani walipomwekea linki, Tunu, aliyelelewa kwamba sahani ya jirani hairudi tupu, akawarudishia wote. Mtambo ukaona ni njama ya kupandishana, ukamtupa mwisho.

Aliporudi kutoka sokoni, mlango wa nyumba yake ukagoma. Akaugonga.

"Raya, mwanangu, nifungulie! Ni mimi mama!"

Ndani, Raya akauuliza mtambo kwanza mama yake ni yupi, kama Tunu alivyomfunza.

"Nenda zako," akasema. "Mtambo umeshanionyesha mama yangu, wa kwanza kabisa kwenye orodha. Yuko njiani, anakuja."