Kura ya Mzee Shekalaghe

Siku Mzee Shekalaghe alipofariki, mkewe, Mama Hiza, alikatazwa kumwita marehemu. Kwa sheria, mwanachama wa chama tawala huendelea kupiga kura hata baada ya kuzikwa. Kadi yake humchagulia kwa kufuata kura zake za zamani. Chama hakijashindwa kwa miaka hamsini.

Balozi wa nyumba kumi alipoifuata kadi, Mama Hiza aliikumbatia.

“Shemeji, safari hii alisema atawanyima kura. Aliniambia mwenyewe, kabla hajakata kauli.”

“Kadi haikumsikia,” balozi alijibu, macho chini. “Nipe, shemeji. Bila kadi sina kibali cha kaburi.”

Akampa.

Mzee Shekalaghe alizikwa alasiri. Jumapili atawapigia kura walewale.