Aje kwa Miguu Yake

Maxwel alikuwa amemlalia Rosi shingoni kwa uzito wake wote, na bado ng'ombe alimburuta. Nyuma, Daktari Wariara alikuwa ameukumbatia mguu uliojaa usaha, kisu cha kwato mkononi, akitukana kwa Kikuyu.

"Mshikilie, boss! Huyu atanitoa meno."

Kisu kilizama kidogo. Usaha ukaruka, ukafuatwa na msumari wa mabati, mweusi kwa kutu. Katika malisho yote yale ya Olenguruone, Rosi alikuwa ameutafuta msumari mmoja akaukanyaga. Ng'ombe nao wana roho mbaya wakitaka.

"Atatembea lini?" Maxwel aliuliza.

"Mpe wiki mbili apumzike."

"Daktari, kesho lazima afike kwa Mzee Kiprugut, ng'ambo ya bonde. Ni wa mahari."

Wariara alicheka kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye pikipiki. "Nyinyi wanaume! Mnakaa na msichana wa watu miaka, halafu mnakumbuka mahari dakika ya mwisho. Si umpakie tu kwa pikapu?"

Maxwel hakucheka. Mzee Kiprugut alishaikataa habari ya pikapu mbele ya wazee wote. "Aje kwa miguu yake," alikuwa amesema. "Binti yangu hakutoka kwangu akichechemea." Bila Rosi, Chepngeno angebaki wa baba yake, na Maxwel angerudi mikono mitupu. Hakuwa na ng'ombe mwingine.

Na Mzee alikuwa na haki ya kukasirika. Kila Desemba Maxwel aliahidi. Mara viazi vikaoza, mara wakanunua tanki la maji, na Chepngeno akawa anamtetea kwa wazazi wake, akisema ng'ombe atakuja tu.

"Kuna njia," Wariara alisema. "Kwato ni kucha mbili. Nikibandika kipande cha mbao chini ya ile nzima, hii mbovu haitagusa chini. Nitafutie mbao."

Nyuma ya nyumba majirani walikuwa wameleta mbao mpya za saipresi, zilizorandwa vizuri. Maxwel alizitazama kwa muda, kisha akakata kipande kwenye ncha ya moja. Mama yake, aliyekuwa akimenya viazi vya wageni, aligeuza uso.

Wariara aliosha jeraha kwa maji ya chumvi, akapuliza dawa ya bluu, akabandika mbao kwa gundi, akamdunga Rosi sindano. Rosi akajaribu hatua moja. Kisha nyingine.

"Hongera, bwana harusi," Wariara alisema akifunga begi lake.

"Asante, daktari," Maxwel alijibu.

Asubuhi waliteremka bondeni polepole. Maxwel alimwongoza kwa kamba fupi, akimwepusha na mawe, akimbembeleza njia nzima kama mtoto mgonjwa. Kwenye mto Rosi aliteleza akapiga magoti. Maxwel naye alipiga magoti kwenye matope, akamwomba ainuke. Alimwomba kwa sauti, bila kujali nani anasikia. Rosi akainuka.

Mzee Kiprugut alikuwa akingoja langoni na wazee wenzake. Alikuwa amekonda, macho mekundu. Hakujibu salamu. Aliinama akautazama ule mguu wenye mbao, akautazama tena.

"Mtembeze."

Maxwel akamtembeza. Rosi alivuka lango, akapita uani mbele ya watu wote, akasimama kando ya zizi. Hakuchechemea.

"Nimepokea," Mzee alisema, na sauti ikamkatika. "Sasa ni mke wako. Nenda umchukue."

Maxwel alifunga kamba ya Rosi kwenye nguzo. Alitoa simu mfukoni, akampigia kaka yake, aliyekuwa akingoja tangu alfajiri nje ya mochari.

"Wamekubali," alisema. "Mtoeni Chepngeno. Tunamzika nyumbani."