Chumba cha Mama Hakikauki

Tone lilidondoka katikati ya godoro jipya, palepale lilipodondoka mvua zilizopita.

"Fundi, umeniaibisha," alisema mwenye nyumba. "Mama yangu analala kwenye korido kwa dada yangu, miguu imemvimba. Chumba chake ni hiki. Nimwambie nini?"

Fundi alitazama juu. Paa lile la zege, bapa kama meza, lilikuwa limemtoa kijasho. Alianza na plasta ya saruji iliyochanganywa na dawa ya kuzuia maji. Likavuja. Akatandaza karatasi za lami, akaziyeyusha kwa moto wa gesi mpaka zikagandana na zege. Sasa nazo ndizo hizi zinavuja.

Mwenye nyumba alimpigia mama yake, akaweka spika ili fundi asikie.

"Vumilia, mama. Paa likikauka tu, nakuja kukuchukua mwenyewe."

"Haya, mwanangu," bibi alijibu huku akikohoa. "Fundi msimgombeze, maji ni maji. Mkamwana wangu hajambo?"

Mkamwana, mke wa mwenye nyumba, alikuwa amesimama mlangoni. Alisonya, akaondoka zake.

Fundi alimtazama mpaka alipopotelea jikoni. Wiki chache nyuma alimkuta akishuka ngazi ya paa, viganja vyeusi kwa lami. "Nilikuwa naanua nguo," alisema mwanamke yule, wala hakuwa na nguo mkononi.

Safari hii fundi alileta mpira: kipande kimoja kizima, hakina kiungo, kimefunika paa ukingo hadi ukingo.

"Hapa maji yameula wa chuya," alijisifu.

"Na mtu akiuchana?" mke aliuliza.

Mume alicheka. Fundi hakucheka.

Mvua ya kwanza tu, chumba kikalowa. Fundi alipanda, akapapasa mpira wote, akaukuta mchano ulionyooka, mfupi kama kidole. Msumari hauchani hivyo. Ule ulikuwa ukali wa kisu. Aliinamia ukingo, akamwona mke uani, amekodoa macho juu.

Kikulacho ki nguoni mwako, fundi aliwaza. Aliziba, akakusanya vifaa, akaondoka bila kusema neno. Ya mke na mume, yeye yanamhusu nini?

Bibi alifia kwenye korido.

Msiba uliwekwa kwa mwanawe, na mvua ikaja nao. Mwenye nyumba alijitupa chini mbele za watu. "Paa! Paa limeninyima mama yangu!" Wanaume wanne walimshika. Nyuma yao, kwenye chumba kilichokuwa kiwe cha marehemu, maji yalianza kuwadondokea akina mama waliokaa mkekani.

Fundi naye alikuwa msibani, akayaona. Alipanda ngazi mbiombio. Mke alikuwa amepiga magoti juu ya paa, kanga ya msiba imemganda mwilini, kisu mkononi.

Fundi alimdaka mkono. "Shemeji, bibi wa watu ameshakufa! Bado hujaridhika?"

Mwanamke aliuchomoa mkono wake. Alimaliza kukata kiraka cha mpira, akakipaka gundi, akakikandamiza juu ya mchano mpya.

"Huu nao mume wangu aliuchana jana asubuhi," alisema. "Simu ya msiba ilikuwa bado haijaingia."